Bahari Iliyopakwa Limau

Nyumba ya mama yangu ina kuta nyingi, lakini ukuta wa maana ni mmoja: ule wa sebuleni unaotazamana na mlango, ambao mgeni huuona kabla hajavua viatu. Kwa miaka mingi ulikaliwa na saa kubwa ya mbao ambayo haikuwa imemwambia mtu saa tangu vita viishe. Mama hakutaka ishushwe wala itengenezwe. Mimi, binti yake mkubwa, nilikuwa nikiishi kwa kuchora picha. Nyumba za watu nisiowajua zilikuwa na kazi zangu, ila katika nyumba niliyozaliwa haikuwamo hata moja. Nilitaka picha yangu ikae pale ilipokaa ile saa. Wenzangu walitaka kwenda Ulaya; mimi nilitaka ukuta wa nyumbani kwetu Kasubi, hapa Kampala.

Picha zenyewe labda nizieleze, maana mama alikataa hata kuziita picha. Nilichukua ubao wa plaiwudi, nikaupaka mchanganyiko mzito wa rangi ya akriliki, gundi ya seremala, mchanga wa ziwani uliochekechwa, na ile poda nyeupe ambayo mafundi hulainishia kuta. Kabla haujakauka nilivuta mawimbi kwa mwiko wa mwashi, nikachana povu kwa kitana, nikabonyeza sifongo hapa na mfuko wa plastiki uliokunjamana pale. Ukikauka, bahari inasimama: wimbi lina mgongo, mwamba una makovu, na ukipitisha kiganja bila uangalifu unachubuka.

"Hiyo ni plasta," mama alisema. "Kama unataka kupaka plasta nenda hospitali ya Mulago, kuna watu wamevunjika miguu."

Wateja wangu walikaa kwenye maghorofa ya Bugolobi. Mteja alinitumia picha ya kochi lake, nami nikampelekea bahari ya rangi hiyo. Nimewahi kuchora bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Nimewahi kuchora ya waridi, kwa mwanamke mmoja mwenye mapazia ya waridi, na alinikumbatia mlangoni. Wengi wao walikuwa wameiona bahari yenyewe, wameiogelea, wengine wamezaliwa kando yake, na hakuna aliyeona sababu ya bahari kugombana na mapazia.

Samaki sikuweka, wala ndege, wala mtu. Mjomba wangu, kaka yake mama, anayefundisha watoto Kurani mtaani kwetu, alinionya mapema kwamba kiumbe chenye macho hakichorwi. Kila nilipomaliza kazi alikuja kuikagua, mikono nyuma, pua karibu na ubao, akitafuta macho. Hakuyapata kamwe. Bahari zangu zilikuwa tupu kama ndoo ya kutawadhia, na nadhani yeye ndiye aliyezipenda kuliko mtu yeyote katika ukoo.

Mimi sijapata kuiona bahari. Mama naye hajapata kuiona, wala mjomba. Lakini sisi ni watu wa pwani.

Hili lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa kabla sijazaliwa. Babu wa babu yake mama alikuja na misafara ya biashara, akaoa hapa, akazikwa hapa, na waliomfuata wote wakazaliwa na kuzikwa hapa hapa. Hata hivyo mama akisema "kwetu" alimaanisha kule. Majirani walikula matoke na mchuzi wa karanga. Mama alikula matoke yale yale na mchuzi ule ule, huku akitukumbusha kwamba kwetu huliwa wali. Kwetu watu hawapayuki. Kwetu mtoto haingii sebuleni wakubwa wakizungumza. Kwetu mgeni akikisifu kitu, basi hicho kitu ni chake. Nani aliyemfundisha haya yote sikujua. Baba yake mwenyewe, babu yangu aliyefariki mimi bado sijazaliwa, nilimjua kwa cheo tu: alikuwa "mfanyabiashara". Alifanya biashara ya nini, hakuna aliyeuliza, kwa sababu sauti aliyoitumia mama kulitaja neno hilo ilikuwa imekwisha kujibu. Vitambaa, pembe, karafuu, kitu cha heshima cha namna hiyo.

Basi mdogo wangu, ambaye alikuwa karani katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo mjini, akapata mchumba. Kijana alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, mwenye kazi, na ukoo wake ulitaka kuja Kampala kuposa kwa taratibu zote.

Nilidhani mama atapiga vigelegele. Aliketi kitako mkekani, akashika kichwa.

"Wanakuja wenyewe?" aliuliza.

"Shangazi yake na wazee wawili," mdogo wangu alisema. "Shangazi ndiye aliyemlea. Akikubali yeye, yamekwisha."

"Watu wa pwani wenyewe," mama alisema, na nikaelewa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa pwani mbele ya watu wasioijua pwani. Sasa walikuwa wanakuja wanaoijua.

Siku zilizofuata alizunguka nyumbani akitazama vitu vyake kwa jicho la mkaguzi wa forodha. Zulia lilitoka soko la Owino. Sinia ya shaba ilitoka duka la Mhindi, na Mhindi alikuwa ameitoa kwingine. Mapazia alishona mama wa jirani, Mganda halisi, ambaye hakuwa na habari na pwani wala haja nayo. Mama alikuwa na mambo ya kwetu kichwani tele, lakini hakuwa na kitu hata kimoja cha kumwonyesha mgeni. Mwishowe macho yake yakatua kwenye ile saa.

"Hiyo plasta yako," aliniambia, kama mtu anayeomba chumvi. "Unaweza kuipaka ya kwetu?"

"Ya kwetu ipi, mama?"

"Bahari, mwanangu. Bahari. Kubwa. Ikae pale."

Nilijua vizuri kwamba hakuitaka picha yangu, alitaka ushahidi. Sikujali hata kidogo. Nilirudi kwenye chumba changu cha kazi nikiimba peke yangu barabarani, na watu wakanipisha.

Nilitaka iwe kazi bora kuliko zote. Mchanga peke yake niliuona haufai. Nilitaka ufuko wenye vipande vya kombe, ung'ae kidogo mtu akipita mbele yake. Kombe za baharini Kampala utazipata wapi? Lakini jirani wa chumba changu cha kazi alikuwa mama mmoja Mkongomani, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, aliyeuza chakula cha kuku. Katika magunia yake lilikuwamo gunia la maganda ya konokono wa ziwani, yaliyosagwa vipande vipande, ambayo wafugaji huwapa kuku wao ili mayai yawe na ganda gumu. Yalikuwa meupe na yenye kumetameta. Niliomba anijazie ndoo.

"Uko na bakuku ngapi, dada?" aliniuliza.

"Sina kuku."

"Sasa hii yote unapeleka wapi?"

"Nachora bahari."

Alinitazama kwa huruma, ile ambayo watu waliopata tabu za kweli huwa nayo kwa sisi wengine. "Kwetu tuko na ziwa kubwa," alisema, "na hakuna mutu anaichora. Tunachota mule maji, basi." Kisha, akitingisha gunia: "Lakini hii ni muzuri. Bakuku wanaipenda sana, sababu tunasagaka na mukene mu mashini moja."

Mukene ni vile visamaki vidogo vya ziwani vinavyokaushwa mchangani na kuuzwa kwa debe, kwa watu na kwa kuku. Nilimsikia alivyosema. Niliitikia kwa kichwa, nikachukua ndoo yangu, nikaenda zangu.

Picha ilikuwa kubwa kama mlango, na niliichorea nyumbani kwa mama, kwa sababu isingepita kwenye mlango wa chumba changu. Ilikuwa na anga nyembamba juu, kisha mawimbi matatu ya kijani na buluu yaliyopandana, na chini ufuko mweupe wenye vile vipande. Niliilaza uani ikauke. Niliingia ndani kunywa chai. Nilipotoka nilikuta kuku wa jirani wamepanda juu ya bahari wanakula ufuko, na jogoo mmoja amesimama juu ya wimbi la kati akiwasimamia.

Mama aliwahi kuwafikia kabla yangu, kandambili mkononi. "Kuku wanaila bahari yangu!" alipiga kelele. "Ondokeni! Kuku hawa hawana adabu!"

Kuku walikuwa wameelewa jambo ambalo mimi nilikuwa sijalielewa. Lakini sikuwaza kuku wamefuata nini. Nilichosikia ni kwamba mama hakusema plasta, alisema bahari, tena akaiita yake. Nilijaza mashimo kwa furaha, nikiongeza konzi nyingine ya yale maganda.

Mjomba alikuja kukagua macho, hakuyaona, akatoa ruhusa. Tuliishusha saa, ikaenda chini ya kitanda, na tukapigilia msumari mnene. Ilipokwisha kutundikwa nilitoka nje, nikavaa viatu, nikavivua tena mlangoni, nikaingia kama mgeni. Ilikuwa pale. Mama alisimama nyuma yangu, ameegemea mlango.

"Imepinda," alisema.

Haikuwa imepinda. Lakini kwa mama yangu hizo ni sifa, na nililala vizuri.

Siku ya wageni mvua ilinyesha tangu alfajiri. Madirisha yalifungwa. Jambo ambalo sijalisema ni kwamba ule ukuta wa maana, upande wake wa pili, ndio ukuta wa jikoni, na masufuria ya pilau yalikuwa yamewekwa sambamba nao juu ya mkaa. Ukuta ukapata joto. Ubao ukapata joto. Na ufuko wangu, baada ya unyevu wa asubuhi nzima na moto wa pilau, ukaanza kutoa pumzi.

"Nani ameleta mukene ndani?" mama aliuliza kutoka chumbani.

Hakuna aliyeleta. Tulitafuta jikoni, tukatafuta stoo, mdogo wangu akanusa viatu vya watu wote mlangoni huku akiwa amekwisha kuvaa nguo yake ya kuposwa. Mimi nilisimama katikati ya sebule, nikakumbuka ndoo, nikakumbuka mashine, nikakumbuka jogoo juu ya wimbi. Nilisogea hadi ukutani, nikaweka pua ufukoni. Harufu ilikuwa ile ile ya mwaloni, pale mitumbwi ya ziwani inaposhusha samaki. Bahari ya kwetu ilinuka Nalubaale, ziwa la hapa hapa.

Mdogo wangu alianza kulia. Mimi nilisema niishushe, nami moyoni nilikuwa nalia kuliko yeye. Mama alitazama saa ya mkononi, akatazama ukuta ambao bila picha ungebaki na doa jeupe na msumari mnene kama wa kufungia ng'ombe, akasema, "Lete limau."

Tulileta limau zote zilizokuwa za kachumbari. Mama mwenyewe akazikata, akachukua kitambaa, akaanza kuisugua bahari. Alianza na ufuko, akapanda kwenye mawimbi, akiingiza kidole katika kila bonde nililolichana kwa kitana. Alijichubua, akaendelea kusugua. Alipomaliza alibaki pale, pua karibu na povu, macho amefumba, muda mrefu kuliko hasira inavyohitaji. Niliogopa kumsemesha. Kisha akaagiza chetezo, tukafukiza udi hadi dari haionekani.

Matokeo yake, wageni walipofika bahari ilinuka mukene, limau na udi, vyote kwa pamoja na kila kimoja kwa zamu yake.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyechoka kwa safari ya basi. Alikaribishwa mahali pa heshima, maana yake uso kwa uso na kazi yangu. Wale wazee wawili walikaa ubavuni mwake. Mama alizungumza Kiswahili chake cha Idi, polepole, akichagua maneno kama mtu anayechagua nyanya, na kila alipokaribia kumwita mgeni "nnyabo", kama Waganda wanavyomwita mama, alimeza mate. Mambo yalikwenda. Salamu, safari, mvua, afya za watu ambao hatukuwajua. Kisha paka wetu akaingia, akapita katikati ya wageni wote bila kumsalimu mtu, akaketi chini ya picha, akainua kichwa, akaanza kuitazama kwa mapenzi.

Mjomba alikohoa. Paka akalia mara moja, taratibu, kama anayebisha hodi. Kiumbe chenye macho kilikuwa kimepatikana mwishowe, na mjomba hakuwa na fatwa yake.

Shangazi, kwa wema wake, alitafuta la kusema. Na kitu kikubwa kuliko vyote mle chumbani kilikuwa mbele ya macho yake, na mbele ya pua yake pia.

"Maashallah," alisema, "na hii picha! Kazi kwelikweli."

"Ni bahari," mama alisema. "Ya kwetu. Binti yangu ndiye aliyeichora."

Alisema hivyo. Mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimeshika birika, na chai ikamwagika kwenye sinia.

"Alaa, bahari!" shangazi alisema, na nikaona kwamba alikuwa ameidhania kitu kingine, pengine shamba. "Mie, mama, bahari haja nayo sina. Nilidungwa na miiba mle majini nilipokuwa msichana, mguu ukafura, na sijarudi tena hadi leo. Twakaa ndani huko, nyuma ya magodauni. Upepo tu ndio watufikia."

Uso wa mama ulihangaika kidogo, ukitafuta mahali pa kutulia. Alikuwa amejiandaa kuulizwa maswali mazito kuhusu bahari, na mwenye bahari alikuwa hana habari nayo.

"Lakini nzuri," shangazi aliongeza upesi, akidhani amekosea adabu. "Nzuri mno. Maashallah, maashallah."

Basi. Amesifu, akasifu tena. Niliona kitu kinawaka machoni mwa mama, nikajua, na sikuwa na namna ya kukizuia.

"Ni yako," mama alisema.

"Kivipi?"

"Kwetu mgeni akikisifu kitu hatoki bila kuwa nacho. Nyinyi mnajua zaidi."

Shangazi hakujua. Ilikuwa wazi kabisa usoni kwamba desturi hiyo ndiyo kwanza anaisikia, na kwamba kule nyuma ya magodauni watu husifu vitu vya wenzao kutwa na kurudi nyumbani mikono mitupu. Alikataa. Mama aliona ni adabu, akakazania. Alikataa tena, akaleta habari ya uzito, ya basi, ya mpaka. Mama akasema wazee watasaidia kubeba. Wazee walitazama mkeka. Mwishowe yule mwanamke mwema, aliyekuja kumtafutia mtoto wake mke, alielewa kwamba posa yenyewe inaning'inia kwenye msumari ule. Akasema, "Basi ahsante, mama. Tumepokea." Mdogo wangu akawa ameposwa.

Niliumia. Sitaki kuipamba. Ukuta ule niliungoja maisha yangu yote ya kazi, na nilikaa juu yake siku chache tu. Na aliyenitoa ni yule yule aliyeniweka, kwa tabasamu, ili athibitishe jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelikana. Niliingia jikoni nikasugua sufuria ambalo lilikuwa safi.

Kesho yake tuliisindikiza bahari hadi kituo cha mabasi, imefungwa kwa mashuka na kamba ya katani. Kijana wa mizigo aliigonga kwa kidole, akainusa.

"Hii kitu ni nini? Mulango?"

"Ni picha ya bahari," nilisema.

"Munapereka bahari Mombasa?" Aliwaita wenzake waje wasikie. "Eh! Kwani kule haiko?"

Waliipandisha juu ya basi, kati ya mikungu ya matoke na baiskeli ya mtu, na shangazi akatupungia mkono dirishani kama mtu aliyenusurika.

Msumari ulibaki. Nilisubiri mama aitoe saa chini ya kitanda airudishe, na hakuirudisha. Doa jeupe lilikaa hivyo hivyo. Harufu nayo haikuondoka. Ilikuwa imeingia kwenye mapazia, na kila pilau lilipopikwa ilirudi kidogo. Nilijitolea kuyafua. Mama alisema yana haraka gani.

Harusi ilipita, mdogo wangu akahamia Mombasa, akaanza kutupigia simu. Alasiri moja nilikuwa nimekaa na mama sebuleni tunachambua mchele, simu ikaita, nami nikaiweka kwa sauti ili mama asikie. Baada ya habari za mimba na za joto, mama akauliza, bila kuinua macho kwenye ungo, "Na ile bahari yetu shangazi ameitundika wapi?"

"Sebuleni, juu ya televisheni," mdogo wangu alisema. "Dirisha wameliacha wazi tangu siku hiyo. Na mama, watu wa mtaa wakija, shangazi huwaonyesha. Anawaambia hiyo ndiyo Uganda."

"Anawaambia ndiyo nini?"

"Uganda. Wote wanaamini. Wanasema wanaiona kabisa."

Nilicheka hadi mchele ukamwagika. Mama hakucheka. Simu ilipokatika aliendelea kuchambua, kokoto hili, kokoto lile, kisha akauweka ungo chini.

"Hawajakosea," alisema.

Nikaacha kuokota mchele.

"Babu yako hakuuza vitambaa."

"Aliuza nini?"

"Mukene. Aliununua mwaloni kwa wanawake walioukausha mchangani, akafunga magunia kwenye baiskeli, akaja nao sokoni. Nguo zake, ndevu zake, mto wake wa kulalia, vyote vilinuka. Kila Ijumaa mama yangu alimkalisha kwenye kigoda akamsugua limau, mgongo wote, kabla hajaenda msikitini. Na bado watu walimwachia nafasi kwenye safu. Akirudi alituambia, sisi ni watu wa pwani, msijali, kwetu kuna bahari." Alitazama msumari. "Ijumaa nilikuwa mtoto wa pwani. Siku nyingine zote nilikuwa mtoto wa mukene, na nilimpenda hivyo. Alipokufa walimwosha vizuri mno. Niliinama kumuaga, hakuwa na harufu yoyote. Nikaona kama wamemleta mtu mwingine."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Mimi nami nililia. Nilikumbuka pua yake karibu na povu, macho amefumba, wakati sisi wengine tunakimbilia udi.

"Nipakie nyingine," alisema. "Kubwa vile vile. Pale pale."

"Plasta?"

"Usinichezee. Nenda kwa yule Mkongomani wako ukachukue yale maganda, kwenye gunia lile lile. Na safari hii mtu asije akaipaka limau."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Jirani yangu aliniona na ndoo, akatikisa kichwa.

"Dada, bakuku yako inakula sana," alisema, akanijazia hadi juu.

Picha ya pili ipo hadi leo. Anga yake ni nzito zaidi na maji yake ni ya kahawia kidogo ukingoni, kwa sababu hii niliichora nikijua ninachora nini. Mjomba aliikagua, akakunja pua, akasema haina macho. Paka ana mahali pake chini yake. Mvua ikinyesha na pilau likiwa motoni, mama husogeza kiti karibu na ukuta. Mgeni akiingia, akauliza hiyo ni bahari ya wapi, mama humjibu kwamba ni ya kwetu, na mgeni akianza kuisifu, yeye humkatiza upesi na kumuuliza kama atakunywa chai.